Nyumba Longonot, Kazi Riyadh: Kodi Ilipwe Wapi?

Msafiri anayeteremka Bonde la Ufa kwa barabara ya Maai Mahiu, akisha kulipita lile kanisa dogo walilolijenga mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, huanza kuuona vizuri Mlima Longonot na kreta yake. Ni katika eneo hili ambapo mwaka 1970 kilifunguliwa kituo cha mawasiliano ya setilaiti, ambacho kwa miaka mingi kilibeba sauti zetu kwenda ng'ambo na kuturudishia za huko. Mzazi aliyetaka kumsemesha mwanawe aliyekuwa akisoma London au Chicago, sauti yake ilipitia Longonot. Leo mzazi huyo humsemesha mwanawe kwa simu ya mkononi, wakatazamana nyuso kwa nyuso, na kabla mazungumzo hayajakwisha fedha zimekwisha kuingia kwa M-Pesa.

Hivi majuzi nilialikwa kuzungumza na walimu wa Kiswahili wa sehemu hiyo. Kikao kilipomalizika, mwalimu mmoja mstaafu alinivuta kando akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya fasili ya neno "mkazi" kama ilivyo katika Sheria ya Kodi ya Mapato.

"Daktari," akaniambia, "wewe ni mtu wa lugha. Hebu nisomee hapa uniambie binti yangu ni mkazi wa wapi."

"Mzee, hiyo ni kazi ya wakili," nikamjibu.

"Wakili nimekwisha kumwuliza. Amenijibu kwamba inategemea. Sasa namwuliza mwalimu mwenzangu."

Binti huyo ni muuguzi mjini Riyadh, na huu ni mwaka wake wa sita huko. Kwa jasho lake amewajengea wazazi nyumba ya mawe, na chumba kimoja ndani yake ni chake mwenyewe, chenye kitanda na kabati lake. Kando ya barabara amejenga vyumba kumi vya kupangisha. Kila Desemba huja nyumbani kwa majuma matatu, kisha hurejea kazini. Amesikia minong'ono kwamba serikali itaanza kuwatoza kodi Wakenya walioko ughaibuni, naye anataka kujua kama aendelee kujenga au akae kimya.

Nilisoma karatasi ile nikiwa nimesimama, nikaisoma tena usiku, na tangu hapo sijatulia. Naomba niwashirikishe wasomaji, hasa walimu na wanafunzi wao, kwa sababu jambo hili linazunguka juu ya neno moja tu, na maana za maneno ni shamba letu sisi.

Kwa ujumla kuna njia mbili ambazo dola huzitumia kumdai mtu kodi ya mapato. Ya kwanza ni ya ukazi: dola humtoza anayeishi katika ardhi yake, awe raia au mgeni, na humwachilia raia wake aliyehamia kwingine, ila kwa pato alilolichuma humu ndani. Ya pili ni ya uraia: dola humfuata raia wake popote aendapo na kudai sehemu ya alichokipata. Takriban ulimwengu mzima hufuata njia ya kwanza. Ya pili inafuatwa na Marekani, na kwa namna yake Eritrea. Kenya hujihesabu miongoni mwa wafuasi wa njia ya kwanza, na ndivyo maafisa wa ushuru wanavyotuambia: asiye mkazi hutozwa kwa pato la humu nchini tu. Ni kweli tupu. Lakini asiye mkazi ni nani?

Sheria yetu inasema kuwa mtu ni mkazi wa Kenya kwa mwaka fulani ikiwa hana makao ya kudumu nchini lakini amekaa humu siku 183 au zaidi katika mwaka huo. Au ikiwa amekuwapo mwaka huo na miaka miwili iliyoutangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Hayo ni mahesabu, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuyafanya. Lakini kabla ya hayo mawili sheria imetanguliza jingine: mtu ni mkazi ikiwa ana makao ya kudumu nchini Kenya na amekuwapo nchini kwa kipindi chochote katika mwaka huo. Kipindi chochote! Siku moja yatosha. Aliyekuja kumzika babake Jumamosi na kuondoka Jumapili amekuwapo kwa kipindi. Na mkazi, kwa sheria iyo hiyo, hutozwa kodi ya mshahara wa kazi aifanyayo ndani ya Kenya au nje yake.

Basi mzigo wote umetwikwa maneno matatu: makao ya kudumu. Hapo ndipo mzee wa Longonot alipokwama, nami nikakwama pamoja naye.

Kiswahili hutenganisha nyumba na nyumbani. Nyumba ni kuta na paa. Nyumbani ni pahali ambapo mtu ni wao, pahali anapoulizwa "kwenu ni wapi?" akapajibu bila kufikiri, hata ikiwa hajapalala kwa miaka kumi. Lugha zetu nyingine zinafanya hivyo hivyo. Wagikuyu wa Naivasha wanayo nyumba na wanao mucii, na hawachanganyi. Wajaluo wana ot na dala, na tofauti ya maneno hayo mawili iliwahi kushughulisha mahakama zetu kwa miezi mitano. Walimu wenye umri wangu walikuwa watoto wakati huo, lakini wanakumbuka jinsi wazee walivyogombania gazeti kusoma kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986. Alikuwa amejenga Nairobi, ameoa, amefanya kazi na kuzeeka huko. Mjane wake, Wambui, alisema hapo ndipo kwake. Ukoo wa Umira Kager ulishikilia kwamba ile ni nyumba tu, na kwamba kwao mtu hapahami. Mahakama ya Rufani ilikubaliana na ukoo, na Mei 1987 marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Sitaki kuifufua kesi ile wala kupima haki yake. Nasema tu kwamba ikiwa hayo ndiyo maana ya makao kwetu, Mkenya hana siku ambayo atakosa makao ya kudumu Kenya. Atakuwa nayo akiwa Riyadh, akiwa Minneapolis, na hata akiwa jenezani. Na akishuka uwanja wa Jomo Kenyatta mara moja kwa mwaka, amekuwa mkazi. Hivyo sheria inayojiita ya ukazi inaweza, kwa tafsiri ya neno moja, kugeuka kuwa sheria ya uraia bila Bunge kuijadili wala kuipigia kura.

Tumchukue binti wa mwalimu. Tuseme mshahara wake ni sawa na shilingi 70,000 kwa mwezi. Saudi Arabia haitozi kodi ya mshahara. Akihesabiwa kuwa mkazi wa Kenya, kwa viwango vilivyowekwa Januari 2021 angedaiwa asilimia 10 ya shilingi 24,000 za kwanza, asilimia 25 ya 8,333 zinazofuata, na asilimia 30 ya zilizobaki. Ukiondoa nafuu ya shilingi 2,400, deni lake ni takriban shilingi 13,400 kila mwezi. Ndugu yake aliyeko Uingereza, ambako kodi ya mapato hukatwa, angeweza kuonyesha stakabadhi na kupunguziwa hapa, na zaidi ya hayo kuna mkataba baina ya nchi hizi mbili wa kuzuia mtu kutozwa mara mbili. Lakini nafuu ya kodi iliyolipwa kwingine haimfai kitu yule ambaye kwingine hakutozwa. Kwa hiyo mzigo ungewaelemea zaidi walioko Ghuba, ambao aghalabu ndio wanaopata kidogo.

Msomaji atasema: basi ajitangaze kuwa si mkazi, yaishe. Hapo pana mtego wa pili. Vile vyumba kumi, tuseme kila kimoja ni shilingi 6,000, humletea shilingi 720,000 kwa mwaka. Mkazi mwenye mapato ya namna hiyo hulipa asilimia 7.5 ya kodi ya pango, kiwango kilichoanza kutumika Januari 2024, nayo ni shilingi 54,000. Asiye mkazi hukatwa asilimia 30 ya pango lote bila kuondolewa gharama. Hiyo ni shilingi 216,000. Akiwa mkazi anaumia Riyadh, akiwa mgeni anaumia Longonot. Mwalimu mstaafu alipolielewa hesabu hii alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka, akasema, "Kumbe heri angenunua ng'ombe."

Nimeandika "kodi ya pango" na "kodi ya mapato" katika aya moja, na huenda hakuna aliyeshtuka. Katika Kiswahili malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba na malipo ya mwananchi kwa dola yana jina moja: kodi. Kukodi ni kutumia kitu cha mwingine kwa malipo. Sidai kwamba kamusi ni katiba. Hata hivyo, mazoea haya ya lugha yamehifadhi fikra yenye uzito, kwamba kodi hulipwa na anayekaa, kwa sababu anakaa. Nilipokuwa mwanafunzi Ujerumani nilifanya kazi ya saa chache kila juma, na mshahara ukazidi kiwango, nikakatwa. Sikuona dhuluma. Nilitembea katika barabara zao, nilitibiwa katika zahanati zao, nililindwa na polisi wao. Nilikuwa mpangaji wao.

Historia ya Bonde la Ufa nayo ina la kutufunza hapa. Serikali ya kikoloni ilipoanza kuwatoza Waafrika mwaka 1901 ilihesabu vibanda: mwenye kibanda alilipia kibanda. Punde ikaona kwamba vijana wasio na vibanda wanaponyoka, na mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa. Tangu hapo mtu hakuwa na namna ya kuiacha kodi nyuma, kwa kuwa kichwa husafiri na mwenyewe. Aliyetoka Murang'a kwenda kuchunga ng'ombe wa mlowezi Naivasha alikwenda na deni lake, na baada ya 1920 alikwenda pia na kipande shingoni, ili ajulikane ni nani na anatoka wapi. Kodi ya uraia ni kodi ya kichwa. Na kama ilivyokuwa zama zile, haiwezekani bila kipande.

Tazama Marekani. Mizizi ya desturi yao ni enzi ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na mwaka 1924 Mahakama Kuu yao iliithibitisha katika kesi ya raia mmoja, Cook, aliyekuwa akiishi Mexico: raia hunufaika na serikali yake popote alipo, walisema majaji, basi alipe. Ili amri hiyo itekelezeke, mwaka 2010 walipitisha sheria inayozibana benki za dunia nzima kuwataja wateja wao walio Wamarekani. Boris Johnson, aliyezaliwa New York mwaka 1964 na kuondoka akiwa mtoto, alidaiwa kodi ya Marekani kwa faida ya nyumba yake ya London. Alilipa, kisha akaukana uraia huo. Wapo watoto wa Kikenya waliozaliwa Texas wazazi wao walipokuwa masomoni, wakarudi wakiwa wachanga, nao wako katika kundi lilo hilo ingawa wengine hawajui. Ni kweli kwamba Marekani huwasamehe wenye kipato cha kawaida. Kwa mwaka 2025 mshahara wa hadi dola 130,000 uliochumwa nje ungeweza kuachwa bila kutozwa. Lakini fomu ni lazima zijazwe.

Eritrea, isiyo na nguvu ya kuzitisha benki za dunia, hutumia mlango wa ubalozi. Wenyeji wake walioko nje hudaiwa asilimia 2 ya mapato, na asiyelipa hujikuta akinyimwa hati anazozihitaji. Mwaka 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani jinsi kodi hiyo ilivyotumiwa, na mwaka 2013 Kanada ilimfukuza konseli wa Eritrea kwa sababu hiyo. Yawezekana raia anayeipenda nchi yake angelitoa hizo asilimia mbili kwa hiari. Anapoambiwa kwamba bila hizo hatapata cheti cha kumrithi mamake, hiari hiyo huondoka.

Mfano wa kututazamisha zaidi ni Ufilipino, ambayo kama sisi hupeleka wauguzi na watumishi Uarabuni, tena kwa wingi kutushinda. Kwa miaka mingi iliwatoza raia wake walioko nje asilimia 1 hadi 3 ya mapato. Mwaka 1997 ikabadilisha sheria, na tangu 1998 Mfilipino afanyaye kazi nje hatozwi kwa mshahara wa huko. Dola yenye uzoefu mkubwa kuliko wetu katika biashara hii ilijaribu njia ya uraia, ikaiacha.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana una watu wazima. Wanasema: tumewasomesha. Muuguzi huyu alifunzwa katika chuo cha umma kwa kodi ya mkulima wa Kinangop, na matunda yake yanaliwa Riyadh. Miaka ya 1970 mchumi wa Kihindi, Jagdish Bhagwati, alipendekeza kodi maalumu kwa wasomi waliohama nchi maskini, na hoja yake haijapata jibu la kuridhisha kabisa. Mimi mwenyewe ninaiona kila mwaka katika idara yangu: kijana tuliyemlea miaka minane anaandika barua ya kujiuzulu akiwa Pretoria au Leeds. Inauma.

Hata hivyo deni la masomo ni deni lenye kiasi na mwisho. Linaweza kudaiwa kama mkopo unavyodaiwa, likalipwa, mtu akawa huru. Kodi ya uraia haina siku ya mwisho, wala haiulizi kama ulisomeshwa na nani. Aliyeondoka na cheti cha darasa la nane kwenda kufua nguo za watu Jeddah angelipa pamoja na daktari.

Na huyo mfuaji nguo, je, anapata nini? Wizara ya Mambo ya Nje iliwaeleza wabunge kwamba Wakenya 89, wengi wao watumishi wa nyumbani, walifariki Saudi Arabia katika miaka ya 2020 na 2021. Jamaa walichangishana kuleta maiti. Katika uchaguzi wa 2022 Wakenya walipigia kura katika nchi 12 za nje. Waliosajiliwa walikuwa 10,443, nao waliruhusiwa kumchagua rais peke yake. Saudi Arabia haikuwa miongoni mwa nchi hizo 12. Dola ambayo haikuweza kumfikishia sanduku la kura haina uso wa kumpelekea hati ya madai.

Isitoshe, fedha zao zinatozwa tayari. Benki Kuu ilihesabu kwamba mwaka 2024 walioko nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.94, kiasi kinachoyazidi kwa mbali mapato ya chai yetu yote. Fedha hizo zikifika Longonot hununua saruji, mabati, unga na madawa, na saruji ile hulipiwa asilimia 16 ya kodi ya thamani. Ada ya kuzituma hulipiwa ushuru. Tangu Januari 2026 Marekani nayo hukata asilimia 1 ya pesa taslimu zinazotumwa nje. Kila anayeshika noti hiyo njiani humega.

Nisieleweke vibaya kwamba kila pesa ya ng'ambo iachwe. Mapema 2014 wanariadha wetu walipinga kutozwa kodi ya zawadi walizozishinda nje, wakisema wamekwisha kukatwa huko. Katika hilo sikuwa upande wao. Mkimbiaji anayeamka Iten, anayefanya mazoezi Kaptagat, ambaye watoto wake wanasoma Eldoret, huyo ni mkazi bila utata, na mbio za siku moja Boston hazimhamishi. Ahesabiwe alichokatwa kule, apunguziwe, alipe kilichobaki. Kanuni ya ukazi ina makali pande zote mbili, na anayeitetea kwa ajili ya muuguzi hana budi kuikubali kwa mwanariadha.

Ninachokiomba ni kidogo. Kila mwaka, kabla ya Julai, Bunge hupitia Mswada wa Fedha, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Baada ya yaliyotokea Juni 2024 sidhani kuna mbunge anayeuona mwaliko huo kuwa mchezo. Maneno "kwa kipindi chochote" yaondolewe, na mahali pake iwekwe hesabu ya siku, ili aliyekaa Kenya majuma matatu asiitwe mkazi kwa sababu ya kitanda na kabati. Na pango la vyumba vya Mkenya aliyeko nje litozwe kwa kiwango kile kile anachotozwa jirani yake, kwa kuwa vyumba viko Longonot, havikuhamia Riyadh.

Mwalimu mstaafu ameazimia kuandika waraka wake. Aliniuliza kama ni lazima uwe kwa Kiingereza, nikamwambia kwamba kwa Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi, aandike. Ameniletea rasimu. Katika mstari wa pili, panapohitajika jina la kile alicho nacho bintiye Longonot, ameandika "nyumba", akaifuta, akaandika "nyumbani", akaifuta tena, kisha akaacha nafasi wazi nimjazie. Bado sijamrudishia.